Silikanti wa Tanga: anapinga mageuko au anayathibitisha?

Kila silikanti anaponaswa na jarife huko Kigombe au Mwarongo, habari huzagaa Tanga nzima kabla samaki mwenyewe hajafika mjini, na baraza hugawanyika. Wako wanaosema: huyu ndiye samaki aliyedhaniwa amekwisha pamoja na dinosauria, kumbe yupo, tena yuko vilevile, basi hayo maneno ya viumbe kubadilika yamekwenda na maji. Wengine, aghalabu walimu na vijana waliopita kidato cha nne na biolojia yao, hujibu kwamba samaki mwenye mapezi kama vikono ndiye hasa ushahidi kuwa wanyama wa nchi kavu walitoka majini. Samaki mmoja anaitwa kutoa ushahidi na pande zote mbili, na hakuna upande unaotia shaka.

Nionavyo mimi, wote wanambebesha mzigo usio wake. Ila hawakosei kwa kiasi kimoja, na hoja ya wapinzani wa mageuko ina sehemu moja nzito ambayo walimu wetu huiruka haraka mno. Tuanze nayo.

Wanasayansi walimjua samaki huyu akiwa jiwe kabla ya kumjua akiwa nyama. Mwaka 1839 Louis Agassiz, Mswisi aliyebobea katika samaki waliogeuka mawe, aliipa jina jamii hii kutokana na visukuku vya Uingereza. Baadaye vilipatikana vingine vingi katika nchi nyingi. Vya zamani kabisa vina zaidi ya miaka milioni 400. Vya mwisho vina kama milioni 66, wakati uleule dinosauria walipotoweka. Baada ya hapo, kimya. Ikaandikwa vitabuni kuwa jamii yote imekufa. Kisha tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen ikatia nanga East London, Afrika Kusini, na katika lundo la samaki Marjorie Courtenay-Latimer, aliyesimamia makumbusho madogo ya mji ule, akaona pezi la buluu asilolijua. Mwaka uliofuata J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, akamtangaza kwa jina la Latimeria chalumnae. Wa pili alikuja kupatikana mwaka 1952 visiwani Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote na kumwita gombessa, samaki wa mafuta mengi asiye na thamani sokoni. Kwetu habari zilianza mwaka 2003 upande wa Kilwa, na muda si mrefu majarife ya Tanga yakaanza kuwatoa mmoja baada ya mwingine, hata mwaka 2009 ikatengwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kilomita za mraba 552 kuanzia Pangani hadi kaskazini ya jiji la Tanga.

Mzee mmoja wa Ngamiani aliifupisha habari yote hiyo kwa sentensi moja: "Mwanangu, hao wataalamu wako walimzika mtu mzima mzima." Ndiyo hoja yenyewe. Ikiwa mawe yalinyamaza kwa miaka milioni 66 huku samaki akiogelea, kwa nini tuyaamini yanaposema mnyama fulani alianza lini au aliisha lini?

Hoja hii haijibiwi kwa kucheka. Inajibiwa kwa kutazama kisukuku hupatikanaje. Mnyama akifa, kawaida huliwa, huoza, husambaratika. Ili abaki jiwe lazima afunikwe upesi na tope, mchanga au majivu, madini yapenye mahali pa mifupa yake, tabaka lile lisisagwe wala kuyeyushwa, kisha ardhi iinuke na kumomonyoka palepale ambapo mtu mwenye nyundo atapita. Silikanti wa leo anakaa mita mia moja na zaidi chini ya bahari, kwenye mapango ya miteremko ya mawe. Tope la sehemu kama hizo ni nadra kuja juu tukalichimba. Ndugu zake wa kale wengi waliishi kwenye maji mafupi, hata mitoni na maziwani, na hao ndio waliotuachia mawe. Kwa hiyo kimya kile cha miaka milioni 66 kilituambia zaidi kuhusu mahali tulipochimba kuliko kuhusu samaki. Kosa la wataalamu lilikuwa kugeuza "hatujamwona" kuwa "hayupo", na kosa hilo lilikuwa la kweli.

Lakini angalia kosa hilo linafika wapi. Hoja ya mageuko haijasimama juu ya vile ambavyo havikuonekana. Imesimama juu ya vilivyoonekana, na juu ya mpangilio wake. Katika miamba ya miaka milioni 400 wamo samaki, hakuna mnyama wa kunyonyesha. Huko Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba kati ya mwaka 1909 na 1913 na kusafirisha hadi Berlin mifupa ya dinosauria inayokadiriwa tani 250, kazi iliyosimamiwa uwandani na Mtanganyika Boheti bin Amrani na kubebwa vichwani na wapagazi hadi pwani. Katika mzigo wote huo hamkuwamo mfupa mmoja wa twiga wala wa mtu. Sungura mmoja tu ndani ya mwamba wa samaki wa kale angeivuruga hesabu yote. Silikanti kupatikana hai hakuvurugi mpangilio huo. Kumesogeza mwisho wa ukoo wake mbele. Mwanzo wake uko palepale.

Nitawakumbusha na walimu kwamba kisu hiki kina makali mawili. Kama kimya cha mawe si ushahidi kwamba kiumbe hakuwapo, basi hata sisi hatuwezi kila tukikosa kiungo cha kati kusema "kitapatikana tu" na kufunga mjadala. Mara nyingine kweli hupatikana: mtafiti wa visukuku Neil Shubin na wenzake walichagua makusudi miamba ya miaka milioni 375 kaskazini mwa Kanada kwa kuwa huo ndio umri waliouhitaji, na mwaka 2004 wakampata Tiktaalik, samaki mwenye magamba na mapezi lakini pia mwenye shingo, na ndani ya pezi lake mifupa ya kiwiko na kifundo. Ushindi mkubwa. Kisha mwaka 2010 zikatangazwa nyayo za mnyama wa miguu minne kutoka Poland zenye umri mkubwa kuliko Tiktaalik kwa mamilioni ya miaka. Wapo wanaotilia shaka kama kweli ni nyayo. Zikiwa ni nyayo, basi Tiktaalik si babu wa wenye miguu, ni ndugu wa babu aliyechelewa kufa. Habari ya kutoka majini inabaki. Ile picha ya foleni iliyonyooka, kila mmoja nyuma ya mwenzake, ndiyo inayofutika.

Hapo ndipo aina za visukuku zinapoingia, maana mgongano huo ulikuwa kati ya mfupa na unyayo, na vitu hivi viwili havisemi jambo moja.

Mfupa husema mnyama alikuwaje. Tanga tunao wetu, ingawa ni wachache sana wanaomjua: mwaka 1924 alitangazwa mtambaazi mdogo aliyetoka kwenye miamba ya hapa, ya aina ya kale iitwayo Karoo, akapewa jina la Tangasaurus mennelli. Ana zaidi ya miaka milioni 250, na mkia wake mpana uliosimama kama kasia umewafanya wengi waamini alikuwa mwogeleaji. Mabaki yake yako Cape Town. Mji wenye jina lake ndani ya orodha ya viumbe wa kale haujawahi kujivunia, na hilo linaniudhi kidogo.

Lakini mfupa hautasema mnyama alitembeaje siku fulani asubuhi. Unyayo unasema. Laetoli, kusini kidogo ya Olduvai, majivu ya volkano yalilowa mvua, wanyama wakapita, majivu yakakauka kama saruji na kufunikwa na mengine. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifunua mstari wa nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, miaka milioni 3.66 iliyopita: kisigino kimezama kwanza, kidole gumba kiko sambamba na vingine, hakuna alama ya mikono. Kabla ya hapo watu walibishana kwa miaka kama ubongo ulikua kwanza ndipo watu wakasimama, au walisimama kwanza. Mifupa ilikuwa imeshaelekeza upande mmoja. Nyayo zikakata shauri. Walisimama mapema, wakiwa bado na kichwa kidogo, na kabla ya zana za mawe za kale kabisa tunazozijua. Jambo ambalo nyayo haziwezi kulitaja ni jina la mwenye mguu. Hilo limekisiwa kutokana na mifupa iliyopatikana jirani. Kukisia huko kuna hatari yake: nyayo nyingine za Laetoli, zilizoonekana mapema zaidi, mwaka 1976, zilidhaniwa huenda ni za dubu, hadi mwaka 2021 zilipochambuliwa upya na kuonekana ni za kiumbe mwingine wa miguu miwili, tofauti na yule wa kwanza.

Halafu kuna visukuku ambavyo watu wa pwani wanaishi ndani yake bila kuvijali. Mawe ya matumbawe yaliyojengewa msikiti na makaburi ya Tongoni, na kuta nyingi za kale za mwambao, yametoka kwenye miamba ya kale iliyokuwa hai chini ya maji kabla bahari haijarudi nyuma. Sogeza uso karibu na ukuta uliobambuka chokaa: utaona vishimo vyenye umbo la nyota, kila kimoja makazi ya mnyama mdogo aliyekufa, na katikati yake kombe lililokwama. Mawe ya Amboni ni ya zamani zaidi, ya bahari ya takriban miaka milioni 150 iliyopita, zama zilezile dinosauria wa Tendaguru walipokuwa wakila majani kusini. Wanaokwenda pangoni kwa ajili ya mizimu na wanaokwenda kwa ajili ya popo wote wanapita katikati ya sakafu ya bahari iliyosimama.

Na kuna sandarusi, utomvu wa mti ulioganda. Karne ya 19 ilichimbwa ardhini nyuma ya mwambao, ikapitia Bagamoyo na Unguja kwenda kutengenezewa vanishi Ulaya na Marekani. Ndani ya vipande vyake mara nyingi kuna mdudu mzima: mabawa, vinyweleo vya miguu, hata macho. Hakuna mfupa wa Tendaguru unaokaribia usafi huo. Mtu akikuonyesha mchwa ndani ya sandarusi na kusema "tazama, hajabadilika", anasema kweli, ila hajathibitisha kitu. Sandarusi ya kwetu ni changa. Umri wake ni wa mamia au maelfu ya miaka, na mti uliotoa utomvu ule bado unaota kwenye misitu ya pwani. Utomvu uliokomaa kweli, kama wa Bahari ya Baltiki huko Ulaya, unahesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na wadudu waliomo humo wengi ni wa spishi ambazo leo hazipo. Kwa hiyo anayetumia kisukuku kusema jambo juu ya mageuko aulizwe maswali mawili kabla hajaendelea: kina umri gani, na sehemu gani ya kiumbe ndiyo iliyobaki?

Tukiwa na maswali hayo, turudi kwa silikanti na ile kauli ya "yuko vilevile".

Inayo chembe ya ukweli. Mkia wenye kijitawi cha katikati, mapezi yaliyotoka kwenye shina la nyama, magamba magumu: mwanafunzi wa Tanga akionyeshwa kisukuku cha zaidi ya miaka milioni 200 atasema "huyu si silikanti huyu?" na hatakuwa amekosea sana. Lakini silikanti wa leo, kundi dogo (jenasi) liitwalo Latimeria, hajapatikana kwenye jiwe lolote. Wale wa kwenye mawe ni jamaa zake. Mmoja wa walio karibu naye zaidi, Macropoma wa Uingereza, alikuwa na urefu wa kama sentimita 60. Huyu wetu hufika karibu mita 2 na uzito unaokaribia kilo 100. Na wengine katika ukoo walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 alitangazwa Rebellatrix kutoka Kanada, mwenye mkia wa panda kama jodari, muundo wa mkimbizaji. Mwaka 2017 akaja Foreyia kutoka Uswisi, mfupi, wa mviringo, kichwa kikubwa kupita kiasi. Wako wengine, kama Mawsonia, waliokuwa majitu ya maji yasiyo ya chumvi. Ukoo ulikuwa na matawi mengi na karibu yote yamekauka. Sisi tumebaki na kitawi kimoja, tukakitazama, tukasema mti mzima ulikuwa hivi.

Kitu kinachonishawishi zaidi hakionekani kwa nje. Silikanti wa kale walikuwa na pafu lenye ukuta mgumu, na kwa sababu ya ugumu huo limebaki kwenye mawe. Mwaka 2015 watafiti walichunguza silikanti wa sasa wa rika mbalimbali, kuanzia mimba hadi mkubwa, wakakuta pafu hilo lingalipo: huanza kukua kwa mtoto, kisha hudumaa, na kwa mkubwa limebaki kijibomba kilichosinyaa chenye vibamba vidogo vigumu pembeni, huku nafasi ikichukuliwa na kiungo kilichojaa mafuta. Samaki wa vilindi hana haja ya kupumua hewa. Anayesema huyu hajabadilika hajampasua.

Upande wa pili nao una hesabu yake. Mara ngapi tumesikia kwamba silikanti ndiye babu yetu, samaki anayetembea? Smith mwenyewe aliamini mapezi yale yanatambaa juu ya sakafu ya bahari. Mwaka 1987 mtafiti Mjerumani Hans Fricke alishuka Komoro kwa chombo cha kuzamia, akawapiga picha wakiwa hai: hawatembei. Wanaelea, wakipunga mapezi kwa kupokezana, la kulia mbele na la kushoto nyuma, kama mnyama wa miguu minne anavyokwenda, lakini majini matupu. Na mwaka 2013, jenomu yake, yaani DNA yake nzima, iliposomwa yote, ilionekana kwamba samaki aliye karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu ni kamongo. Watu wa Mwanza na Musoma wana ruhusa ya kututania: ndugu yetu wa damu wa karibu zaidi kati ya samaki wanamvua wao Ziwa Victoria, na wanamla. Silikanti ni binamu wa mbali kidogo. Mifupa ya pezi lake, mmoja begani halafu mingine ikifuata, inasaidia kweli kuelewa mkono ulivyoanza, ila kumwita babu ni kumpa cheo cha mwingine.

Utafiti uleule wa mwaka 2013 ulileta ubishi ambao haujaisha. Waliosoma jenomu walisema jeni zake zinazotengeneza protini zinabadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu. Mwaka huohuo watafiti Didier Casane na Patrick Laurenti wakapinga, wakisema takwimu hazionyeshi uzito huo na kwamba hata mifupa yenyewe imebadilika kuliko inavyosemwa. Baadaye, mwaka 2021, wengine wakaonyesha jeni 62 za silikanti zilizotokana na vipande vya DNA vinavyohamahama, dalili kwamba mambo ndani hayajalala. Mimi nawaona waliosema "polepole" kuwa na haki katika sehemu moja ya jenomu, na waliopinga kuwa na haki juu ya kiumbe kizima. Na polepole si kusimama. Nadharia ya mageuko haimdai kiumbe mwendo. Samaki anayekaa kwenye giza na baridi isiyobadilika sana hana wa kumkimbiza. Tena vizazi vyake ni virefu mno: kwa kusoma alama za magamba, utafiti mwingine wa mwaka huohuo 2021 ulikadiria kuwa huishi karibu miaka 100, hukomaa akiwa na miaka 40 au zaidi, na hubeba mimba kama miaka 5.

Sasa jambo linalotuhusu hapa Tanga moja kwa moja. Mwaka 2011 watafiti wa Kijapani na Watanzania walilinganisha DNA ya silikanti wa Tanga na wa Komoro. Wa Tanga ni kundi la peke yake, lililotengana na wenzao angalau miaka 200,000 iliyopita. Ukiwaweka wawili mezani huoni tofauti. Laiti wote wawili wangegeuka mawe, mchimbaji wa baadaye angewaandika kuwa wamoja, naye angekuwa amefuata ushahidi alionao. Hakuna aina ya kisukuku, mfupa, unyayo wala chapa, inayoweza kushika mtengano wa namna hiyo ukiwa bado unatokea. Mzee wangu wa Ngamiani nilipomwambia hivyo hakukubali kwamba hayo ni mageuko. Alisema hao ni samaki wawili wa samaki mmoja, na kwamba nimwite siku watakapokuwa wawili kweli. Kwa kipimo chake yuko sawa, na siwezi kumwita, maana miaka inayotakiwa ni mingi kuliko yetu sote. Ninachoweza kumwonyesha ni Indonesia, ambako silikanti wa Manado walikwishatengana muda mrefu kiasi cha kuandikwa mwaka 1999 kuwa spishi nyingine, Latimeria menadoensis, wakiwa na rangi ya kahawia badala ya buluu, na mifupa yao bado inafanana na ya wale wa Kigombe.